Koko Bernadette Amefutwa

Jumatatu saa mbili asubuhi, Pétronille alifungua kompyuta yake akakuta watu wake wote wamehamishwa.

Si watu wa damu na nyama, tuelewane. Pétronille alikuwa na kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila tovuti aliyoihitaji kwa ajili ya wateja aliibonyezea kile kinyota kilicho pembeni mwa anwani, asije akaitafuta tena. Mtandao wa Bunia huuzwa kwa mega, na mega huisha kama sukari penye watoto. Mwenye kutafuta-tafuta kila siku hufunga duka. Basi kwa miaka mitano alikuwa amekusanya tovuti mia moja na kumi na nne kwenye ile orodha ambayo mashine, kwa kuwa inazungumza Kifaransa, inaiita favoris.

Kila tovuti aliipa jina la mtu. Matokeo ya mtihani wa serikali yaliitwa Marcellin, kwa sababu Marcellin ndiye mteja wa kwanza kuja kuyatafuta, akaanguka, akalia hapo hapo juu ya fotokopi za watu. Matangazo ya kazi za mashirika yaliitwa Falone. Bei za vipuri vya magari zilikuwa Katsuva, na habari za barabara ipi inapitika wiki hii na ipi ina watu wenye bunduki zilikuwa Muzee Ambroise, maana mzee huyo, alipokuwa hai, hakuenda hata Mahagi-Port bila kupita kuuliza kwanza. Mteja akitaja shida yake, Pétronille humkumbuka mtu, akambonyeza mtu, na jambo likatokea. Wenye diploma walimcheka, lakini wakitaka kitu walisimama foleni kama wengine.

Sasa orodha ilikuwa imepangwa. Palikuwa na mafaili saba yenye majina ya barabara za mtaa, kwa herufi kubwa, na ndani ya kila faili watu wake waliwekwa mahali wanapokaa. Matokeo ya mtihani yalikuwa Avenue ya Soko, kwa kuwa Marcellin alipanga huko. Kazi za mashirika zilikuwa Avenue ya Kisima, karibu na nyumba ya kina Falone. Katsuva, aliyehamia Mbunya tangu Pasaka, alikuwa peke yake katika faili la pembeni lililoandikwa NJE YA QUARTIER, yaani nje ya mtaa. Na Muzee Ambroise hakuwapo kabisa.

Pétronille hakuhitaji mpelelezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mume wake Baudouin alikuwa chef d'avenue, yaani yule mtu ambaye serikali humwachia kazi ya kujua nani analala wapi, nani amefika, nani amehama, nani amezaliwa na nani amekufa. Katika miaka ile ya amani ya kulala na viatu karibu na mlango, kazi hiyo haikuwa mchezo, na Baudouin aliifanya kwa moyo wote na bila mshahara. Jana, Jumapili, mkewe alipokwenda msibani, alimwachia kompyuta achape ripoti yake ya mwezi. Ripoti ilikwisha mapema. Baudouin akaona majina ya watu yamelundikana bila barabara, kama wakimbizi, na mkono wa uongozi ukamwasha.

Pétronille alishuka na orodha mpaka chini. Akapanda nayo mpaka juu.

"Mama," Séphora aliita kutoka nyuma, akiingia na bahasha ya cheti kifuani. Alikuwa binti yao wa miaka kumi na tisa. "Attestation iko hapa. Tufungue Koko sasa, tunangojea nini?"

"Koko aiko," alisema Pétronille.

"Aiko namna gani?"

"Papa yako alipanga batu. Koko alishakufa, njo alimutosha, alimufuta."

Séphora aliketi juu ya katoni ya karatasi, nayo ikabonyea, na hakuna aliyejali.

*

Koko Bernadette alikuwa mama mzazi wa Baudouin, na alikuwa amelala makaburini mwaka wa pili sasa. Lakini katika orodha ya Pétronille jina lake lilificha kitu kilicho hai sana. Miezi mitatu iliyopita Séphora aliomba nafasi ya kusomea ukunga Kisangani, masomo yote yakilipwa. Akakubaliwa. Ukurasa wake mwenyewe ukafunguliwa kwenye tovuti ya wafadhili, na juu yake pakaandikwa: hifadhi anwani hii, haitatumwa tena. Mwombaji alitakiwa kurudi na cheti cha kuzaliwa na kuthibitisha kabla ya Jumatatu hii, saa kumi jioni. Asiyethibitisha, nafasi yake hupewa mwingine.

Cheti chenyewe kilikuwa kimewatoa jasho. Mara nne Séphora alirudishwa na karani mmoja aliyemwambia, bila kuinua macho, kwamba anayezaliwa wakati wa vita ajue kungoja. Kilitoka Jumamosi jioni.

Na kwa nini jina la marehemu? Kwa sababu wateja husoma juu ya bega la mtu. Na kwa sababu, tuseme ukweli, ya Baudouin. Mume wake alikuwa mtu mwema, hakunywa, hakupiga, lakini siri kwake ilikuwa kama uji wa moto mdomoni, lazima auteme. Tena alikuwa na megafoni ya kazi. Pétronille aliona kwamba hakuna mkono utakaobonyeza jina la bibi aliyezikwa. Hakuwaza kwamba upo mkono utakaomfuta.

Walijaribu kutafuta. Tovuti ya wafadhili ilipatikana mwishoni mwa asubuhi, baada ya mtandao kuzunguka na kuzunguka, lakini mlango wa jumla uliandika kwamba maombi yamefungwa. Ukurasa wa Séphora ulikuwa na anwani yake yenyewe, ndefu, ya herufi na namba zisizo na maana kwa binadamu.

"Angalia mu historique," alisema Séphora. "Mashini inabakishaka fasi yote tulipita."

Waliangalia. Historia nayo ilikuwa imefagiliwa.

Ilikuwa saa saba. Pétronille alifunga kitambaa kichwani, akachukua viatu vyake mkononi ili aende haraka, akatoka.

*

Machef wa barabara walikuwa na mkutano katika ofisi ya mtaa, kumi na mmoja wao kwenye mabenchi, na Baudouin amesimama mbele akieleza mambo ya mitaro. Mlangoni Mama Denise, jirani yao, alikuwa anauza mikate ya kukaanga. Mama Denise aliuza mikate kwenye kila mkutano wa mji ule, na hakuna aliyekumbuka mkutano ambao yeye hakuuelewa kuliko waliokuwa ndani.

"Papa Séphora," alisema Pétronille kutoka mlangoni, akihema. "Kuya kidogo."

"Mama, unaona niko mu réunion."

"Ni kidogo tu. Hapa inje."

Baudouin aliwatazama wenzake. Juma lililopita alikuwa amewakaripia kwamba wanaitwa-itwa na wake zao. "Sema tu hapa," alisema. "Chef hana siri na wenzake."

Pétronille alijua akisema habari za Kisangani mbele ya mabenchi yale, na mbele ya mikate ile, habari zitafika Mahagi kabla ya jua kuzama. Alitafuta neno la kuficha. Hakupata ila lile lile lililomkaba.

"Koko Bernadette ulimuweka wapi?"

Chef mmoja mzee alivua kofia.

"Mama yangu?" Baudouin aliuliza.

"Eee, mama yako. Samedi nilimuacha fasi yake, muzuri. Leo asubui naangalia, aiko."

"Ah, ile!" Uso wa Baudouin ulifunguka, kwa maana alidhani amekuja kushukuriwa. "Nilimutosha jana. Mutu alishakufa hawezi kubakia pale kati ya bazima. Na Muzee Ambroise pia nilimutosha."

"Mulitosha Muzee Ambroise?" Yule chef mzee alishika kifua. "Baudouin! Mi njo nilibebaka ile sanduku!"

"Haiko vile, muzee..."

"Juu ya nini unasumbua bafu mu kaburi yabo? Hii inchi haijasumbuka ya kutosha?"

Baudouin alianza kueleza kuhusu kompyuta, orodha na mafaili, na kadiri alivyoeleza ndivyo wenzake walivyozidi kumwonea huruma. Mkuu wa mtaa aligonga meza taratibu kwa kalamu.

"Chef Baudouin," alisema kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. "Enda. Kwanza umurudishe mama yako. Mitaro itangojea."

Mlangoni Mama Denise alikuwa ameacha kuuza. Alimshikilia mteja chenji yake hewani, mdomo wazi.

*

Njiani Baudouin alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Hakuwahi kuondolewa mkutanini. Aliuliza mara tatu, na mara tatu mkewe akamjibu, "Kwetu nitakuambia." Walipofika akavuta kiti, akaketi katikati ya duka kama anayesubiri mashahidi.

"Basi. Ni nini iko mu jina ya mama yangu?"

Pétronille akamwambia. Alimwambia yote, Kisangani, ukunga, cheti, saa kumi, na alipofika kwenye miezi mitatu sauti yake ilipungua.

Baudouin hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama binti yake.

"Miezi tatu," alisema. "Mu nyumba yangu. Mi najua mutu mwenye analala ku Avenue ya Kisima bila carte. Alafu mutoto yangu anaenda Kisangani, sijue. Na mi niko papa ya nani?"

Pétronille alihisi aibu ikimpanda kama homa. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba anamlinda binti. Hakujiuliza anamwibia nani.

"Papa," alisema Séphora, akichuchumaa mbele yake. "Unakumbuka ile kazi ya mwaka jana, ya kuandika ku dépôt ya sabuni? Baliniambia nikuye siku ya lundi. Weye ulitangaza siku ya dimanche, mbele ya lundi, na mégaphone, kati ya salongo ya kufagia barabara na ile mbuzi ya Marcellin yenye ilipoteaka."

"Nilifurahi."

"Najua, papa. Lundi nilifika, nilikuta mutoto ya mutu mwingine mu kiti. Njo alisikia ku mégaphone."

Tangu mwaka jana Baudouin alikuwa akilalamika mtaani kuhusu uovu wa mwenye dépôt ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

"Na ile historique, papa?" Séphora aliuliza kwa sauti ndogo. "Uliifuta juu ya nini?"

"Mashini njo iliniuliza kama nataka kufuta historia. Nikasema historia ya hapa kwetu, mwenye anaweza kuifuta, aifute."

Siku nyingine yoyote Pétronille angecheka mpaka akae chini. Leo alifunika uso kwa kitambaa.

"Sasa muko munalia nini?" alisema Baudouin. "Munawaza mi natoshaka mutu hivi hivi? Niko mupumbafu?"

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari.

*

Hapo ndipo Pétronille alipojua kwamba alikuwa ameolewa na mtu asiyemfahamu vizuri. Baudouin, katika miaka yake yote ya uongozi, hakumwondoa mtu kwenye orodha bila kumwandika mahali pengine. Aliyehama aliandikwa alikohamia. Aliyekufa aliandikwa siku na ugonjwa. Na jana, kabla ya kumfuta Koko Bernadette, aliona chini ya jina lake mstari mrefu wa herufi, akaudhani ni makazi yake ndani ya mashine. Akaunakili wote, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa mtu aliyefunzwa na masista. "Bernadette. Amekufa. Alikuwa anakaa:" na kisha mistari minne ya herufi na namba.

Pétronille alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini, mchana, mlango wazi. Kisha akaketi, Baudouin akasoma, yeye akaandika. Ukurasa haukufunguka.

"Soma tena."

Akasoma tena. Haukufunguka. Séphora akainama juu ya daftari.

"Papa, hizi tustari ku mwisho ya kila mustari, ni ya mashini ao ni yako?"

Baudouin alizitazama kwa muda mrefu. Mwandishi mwenye adabu, neno likimkatikia ukingoni mwa karatasi, huweka kistari. Masista walimpiga fimbo mpaka akajua. Mashine nayo hupenda vistari.

"Kamoja kako yangu," alisema. "Ao tubili."

"Kapi?"

"Haki ya Mungu, sijue."

Vistari vitatu, na kila kimoja chaweza kuwapo au kutokuwapo. Séphora alipiga hesabu kwenye kiganja: njia nane. Mbili walizokwisha kujaribu zilikuwa kitu kimoja. Waliondoa cha kwanza. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, ukakataa. Walirudisha cha kwanza, wakaondoa cha pili. Mteja aliingia kutaka fotokopi ya carte yake; Baudouin akamwambia duka liko msibani, naye akatoka akitoa pole. Walijaribu ya nne. Mega zilikwisha katikati ya ya tano, Séphora akakimbia kununua nyingine ng'ambo ya barabara, akarudi na kiatu kimoja. Saa tisa na dakika thelathini na mbili, waliondoa cha pili na cha tatu pamoja, na jina lake likatokea juu ya ukurasa, Séphora, na chini yake neno la Kifaransa la kumpongeza.

Baudouin alilisoma kwa sauti. Akalisoma mara ya pili kimyakimya, midomo ikicheza.

Cheti kilipigwa picha, kikapandishwa, polepole kama mzigo wa mkokoteni. Kisha ukurasa ukadai kitu ambacho Pétronille hakukitarajia: idhini ya mzazi, jina na cheo chake. Wote wawili wakamgeukia Baudouin. Pétronille angeweza kutia jina lake mwenyewe, lakini miezi mitatu walimficha, na sasa hakutaka kumpita tena.

Naye alijua. Alikaa mbele ya kompyuta, akapandisha mikono ya koti, akasafisha koo. Akaandika jina lake, na kwenye cheo akaanza: *Chef d'ave...* Kisanduku kikawa chekundu.

"Inanikatala."

"Papa, bonyeza pale, iko na choix tatu tu. Mama, papa, ao mwenye anamulea."

"Na autorité?"

"Haiko, papa."

Baudouin alitazama saa. Dakika kumi na moja. Akatazama tena kile kisanduku kilichokataa miaka yake kumi na miwili ya kazi. Kisha akateremsha mshale mpaka *Père*, akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi kasoro dakika nne, ukurasa ukajibu kwamba umepokea. Orodha ya mwisho itatangazwa Ijumaa. Mpaka siku hiyo, anayeona kasoro katika ombi la mwenzake anaruhusiwa kulipinga.

"Kulipinga," alisema Pétronille, akimtazama mumewe. "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mupaka vendredi."

"Nimesema nimesoma, mama."

Pétronille akabonyeza kinyota. Mashine ikauliza jina. Safari hii hakumtafuta marehemu wala hakuona haja ya kumficha mtu. Aliandika *Papa Séphora*, akaiweka juu kabisa ya orodha, juu ya barabara zote saba. Baudouin aliona, akajifanya anafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi.

*

Mama Denise hakubisha hodi. Aliingia na beseni lake tupu kichwani, kwa maana mikate yote ilikuwa imekwisha pamoja na habari, na nyuma yake mlangoni walisimama wanawake wawili wa sokoni, na nyuma yao yule chef mzee, kofia mkononi.

"Chef," alisema Mama Denise, "siye ni majirani, tunakuyaka ku mazuri na ku mabaya. Banasema ku soko kama ulifukua Koko. Mimi nilikatala. Nilisema Chef hawezi. Lakini nilisikia na masikio yangu mu réunion. Sema weye mwenyewe, tujue vile tutajibia batu."

Neno moja lingetosha. Bourse ya masomo. Kisangani. Mkunga. Angelitamka, angekuwa baba wa msichana wa kwanza wa barabara ile kwenda kusomea ukunga, na watu wale wangemshika mkono badala ya kumtazama kama mchawi. Pétronille aliliona neno lenyewe likipanda shingoni mwa mumewe. Megafoni ilikuwa pale pale, imetundikwa ukutani.

Baudouin aliwatazama mmoja mmoja. Akamtazama yule mzee aliyebeba jeneza la rafiki yake.

"Ni kweli," alisema. "Tulimutosha."

Mama Denise akashusha beseni.

"Na saa hii?"

"Saa hii tulishamurudisha. Na Muzee Ambroise kesho."

"Lakini, Chef, juu ya nini?"

"Ni mambo ya familia," alisema Baudouin, mtu ambaye hakuwahi kuwa na jambo la familia maishani mwake. "Enda na Mungu, Mama Denise."

Waliondoka bila kuaga. Walisikika wakiongeza mwendo barabarani, na sauti ya Mama Denise mbele yao ikiita mtu wa kwanza. Pétronille hakuwahi kumpenda mume wake kama alivyompenda saa ile, na alitaka kumwambia, lakini Baudouin alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha wateja, akihesabu siku kwa vidole.

"Mardi, mercredi, jeudi, vendredi," alisema. "Siku ine. Mama Séphora, nipatie chai."